Maharage Kwenye Mkanda wa Suruali

Marehemu dada yangu alikuwa fundi cherehani, na wateja walimwita Sindano kwa wembamba wake. Wembamba ule haukuwa wa kupenda. Utumbo wake ulikuwa ukivimba na kutoka vidonda, ugonjwa wa kuishi nao. Kwa woga aliacha chakula kimoja baada ya kingine mpaka akabaki na wali mweupe na chai ya rangi. Kilichomuuma zaidi ni kuyaacha maharage.

Daktari alimwambia, "Ugonjwa wako haukuletwa na maharage, na kila tumbo lina adui wake. Dawa endelea nazo. Vyakula virudishe kimoja kimoja, uandike ulichokula na tumbo lilivyojibu. Ukirudi tutajua cha kuacha."

Kuandika! Dada na kalamu walikuwa paka na panya. Akachukua utepe wa kitambaa cheupe, akawa anashona kila siku mstari mmoja: uzi wa kahawia ni maharage, wa kijani mboga, wa buluu maziwa. Tumbo likimkata, anapiga fundo jekundu mwishoni.

Asubuhi ya kwenda kliniki utepe haukuonekana. Tulipekua hadi chini ya cherehani. Mara akajishika kichwa.

"Suruali ya mwoka mikate!"

Jana yake, mteja akiwa amemsimamia kichwani, dada alikosa kitambaa cha kutia ndani ya mkanda wa kiuno. Mkono wa fundi hautupi kipande. Kwa haraka, bila kufikiri, akaukunja utepe wake akaushonea humo, na mteja akaondoka nao.

"Daktari atanirudisha kwenye wali mweupe," alisema, machozi yakimlengalenga. "Mdogo wangu, mimi wali mweupe siuwezi tena."

Tukatoka mbio. Mwoka mikate alikuwa mbele ya tanuri, unga mpaka kwenye nyusi.

"Kaka, vua suruali," dada akamwambia.

"We Sindano! Mumeo anajua?"

"Vua, kuna mgonjwa humo ndani."

"Mgonjwa? Kwenye suruali yangu?"

"Ni mimi!"

Akajificha nyuma ya magunia ya unga, akaturushia suruali. Dada akafumua mkanda kwa wembe, nami nikaunyoosha utepe mezani. Kahawia, hakuna fundo. Kahawia tena, safi. Kijani, safi. Buluu, fundo. Buluu, fundo kubwa.

"Fanyeni haraka, mikate inaungua!"

"Tulia, kaka, nasoma tumbo!"

Tulimwacha kajifunga suruali kwa kamba ya gunia, akiapa kuhamia kwa fundi mwingine. Hakuhama.

Daktari aliupitisha utepe vidoleni, akacheka, kisha akauliza maswali mengi. Mwishowe akasema, "Maharage ruksa. Yaive vizuri, na uanze kidogo kidogo. Maziwa yaweke kando kwanza, tutayaangalia tena."

"Maziwa yaende salama," dada akajibu. "Sikuwahi kuyaota usiku."

Mchana ule alibandika maharage yeye mwenyewe, akakataa kusaidiwa hata kuchochea moto. Yalipoiva akapakua kidogo, akala taratibu, kijiko kwa kijiko, akitufokea tuache kumtazama kama televisheni.

Hatukuacha.