Kodzo Anatoa kwa Kushoto

Hamatani, ule upepo wa vumbi la jangwani, ilipoingia mwaka ule, mlima Adaklu ulipotea wiki mbili nzima, na sisi tuliokuwa chini yake tukaishi kama tuliotumbukia kwenye chungu cha maziwa. Vumbi jeupe lilielea darasani, watoto wakakohoa, na mimi, mwalimu nisiyejua tofauti ya waya na kamba ya kiatu, nikapewa timu ya roboti. Siku ya kikao cha walimu nilikuwa naumwa, na asiyekuwepo na lake halipo.

Roboti wetu alisogea kwa mara ya kwanza siku ya Jumatatu, kwa hiyo watoto wakamwita Kodzo, jina la wavulana wanaozaliwa Jumatatu. Kazi yake kwenye mashindano ya Accra ilikuwa moja tu: kuchukua kikombe cha dawa mezani na kumkabidhi mgonjwa, yaani mwamuzi aliyeketi kitini. Watoto watano walihangaika na magurudumu na kompyuta. Mkono aliutengeneza Dzigbodi peke yake, msichana wa miaka kumi na minne, si msemaji. Alasiri nilisinzia dirishani nikiutazama ule mkono wa bati ukifumba na kufumbua katika mwanga mweupe, na mara nyingi sikujua kama naona au naota. Nilikuwa na furaha, nakiri, bila sababu ya maana.

Wiki moja kabla ya safari, mwalimu mkuu, Bwana Agbeko, alikuja kutazama. Kodzo akamwendea polepole, akasimama, akamnyooshea kikombe. Bwana Agbeko hakukipokea. Aliweka mikono yake mgongoni.

"Huyu ananipa kwa kushoto," alisema. "Mnataka mkaniaibishe Accra?"

Hakuna aliyekuwa ameliona. Dzigbodi, anayetumia kushoto, aliuweka mkono upande ambako kwake yeye ndiko mkono hutokea. Mwalimu mkuu akaamuru uhamishiwe kulia, la sivyo safari hakuna. Mawuli, nahodha wetu, akapiga hesabu akasema kuuhamisha ni kazi ya siku kumi, maana uzito wote ungehama nao. Kisha akamgeukia Dzigbodi na kumwambia kwamba hata chura anajua kulia ni wapi. Dzigbodi aliuficha mkono wake wa kushoto chini ya meza, na mimi nikaona aibu hadi masikio yakawaka, kwa sababu kuuficha nilimfundisha mimi. Alipokuwa darasa la kwanza aliniletea daftari kwa mkono uleule. Aliomba radhi vizuri kabisa, kama alivyofunzwa kwao, nami nikamchapa rula.

Kwetu mtu akibanwa, mkono wa kulia umebeba mtoto au umejaa unga, hutoa kwa kushoto na kusema, "Kushoto, radhi." Anayepokea humjibu, "Ni mkono." Yamekwisha. Asiyejibu ndiye asiye na adabu.

Dzigbodi mwenyewe ndiye aliyekuja na dawa ya jambo hili kesho yake: Kodzo aombe radhi. Wakairekodi sauti ya Dzigbodi, wakamtia Kodzo kidude cha kusikia, wakampa na agizo kwamba asiachie kikombe mpaka ajibiwe ipasavyo. Bwana Agbeko akajaribu, akajibu, akapokea, akacheka mpaka akavua miwani. Ruhusa tukapata. Katika sisi sote hakuna aliyekumbuka kwamba Accra si kwetu.

Mwamuzi alikuwa kijana mpole asiyejua hata neno moja la Kiewe, lugha yetu. Kila timu ilikuwa na dakika mbili. Kikombe kikifika, alama kumi. Mtu wa timu akifungua mdomo, zinaondoka ishirini. Kodzo alivuka ukumbi taratibu, kana kwamba anatembea usingizini, akanyoosha mkono. Sauti ya Dzigbodi ikatoka, ndogo: "Kushoto, radhi."

Mwamuzi akatabasamu, akakishika kikombe. Kodzo hakuachia. Akarudia kuomba. Mwamuzi akavuta kidogo, akatutazama, akangoja. Kodzo akaomba tena. Mawuli alinikodolea macho akitikisa kichwa. Alikwisha kupiga hesabu yake, heri kikombe kipotee. Dzigbodi hakumtazama Kodzo. Alinitazama mimi. Zilibaki sekunde thelathini, kisha ishirini, na ile sauti iliendelea kuomba kwa upole uleule, hata ukumbi ukanififia, nikawa nimesimama tena mbele ya darasa la kwanza na mtoto ameninyooshea daftari.

"Ni mkono!" nilipaza sauti.

Kodzo akaachia.

Tukawa wa tisa kati ya timu kumi na moja. Mawuli alinifafanulia mara tatu garini kwamba ningefunga mdomo tungekuwa wa sita, nami nikamwambia mara tatu kwamba hesabu yake ni sahihi. Tulisimama darajani Atimpoku kununua abolo, mikate laini ya mahindi, na visamaki vya kukaanga. Watoto waliteremka, mimi nikabaki kitini, nimechoka, macho nusu wazi, mto ukipita chini yetu bila sauti.

Dzigbodi akaja dirishani, akaninyooshea abolo yangu kwa kushoto. Safari hii hakuomba radhi.

"Ulichelewa, Madamu," alisema.

Nikapokea. Nikamwambia najua.