Picha ya Suad

"Mama, hebu njoo uione kazi yako," Kalama aliita kutoka mlangoni.

Bi Kuluthum alikuwa ameinama barazani mwa hoteli, akimalizia ua kwenye mguu wa Mzungu mmoja aliyejinyoosha kitini kama maiti anayengoja kuoshwa. Jumamosi ndiyo siku yake. Hoteli hii mpya ya Nyali humwita awachore hina wageni wa kike, nao wageni huipenda, ingawa hakuna hata mmoja anayeweza kutulia mpaka ikauke. Alimsogezea mama yule mguu juani, akamwomba kwa ishara asiutikise, kisha akafuta vidole na kumfuata Kalama.

Kalama, kijana wa Junda aliyekuwa mhudumu wa meza, alisimama ndani ya kanzu yake nyeupe na mshipi mwekundu, mbele ya waya wa kuuzia kadi za posta. Palikuwa na tembo, palikuwa na minazi, palikuwa na kuta za Ngome. Na juu kabisa, mahali jicho linapoanzia, alikaa Suad, mmoja wa mabibi harusi aliowachora mwaka uliopita.

Alikaa vilevile alivyokaa siku ya kupambwa kwake. Macho chini, asumini nyweleni, dhahabu kifuani, mikono magotini na hina ikimpanda mpaka karibu na viwiko. Uso wazi.

"Nimewaambia wenzangu kule jikoni, hina hii ni ya mama wa Kisauni, haina mwingine," Kalama alisema kwa furaha ya kweli. Alikuwa amesoma skuli ya misheni kule Frere Town, basi akaigeuza kadi na kumfasiria Kiingereza cha nyuma. "'Bibi harusi wa pwani. Njoo uone kabla mambo haya hayajatoweka.' Umekuwa mtu mkubwa, mama!"

Wenzangu kule jikoni. Bi Kuluthum hakusikia jingine. Siku ya kupamba ni ya wanawake watupu; hata kaka wa bibi harusi hubaki nje na viatu vyake. Na sasa wapishi na madobi wa hoteli nzima walikuwa wamemtazama Suad mkono mmoja ukiwa kwenye sima. Aibu ilimchoma masikioni, na alijua kabisa imetoka wapi.

Mzungu aliyeipiga picha ile, Bi Marjorie, alikuja mwaka uliotangulia, wakati wa mvua kubwa. Kiswahili chake kilikuwa cha mashamba ya bara, cha kuamrisha ng'ombe na watu kwa pamoja, lakini moyo wake haukuwa mbaya, na peke yake katika wageni wote alikaa mpaka hina ikakauka.

"Mimi nataka ona harusi ya nyinyi," alisema. "Mimi naandika gazeti. Mahali ya kuona upesi, kabla watu mingi nakuja naharibu."

Bi Kuluthum alicheka. Harusi iharibike? Itaharibikaje, na wasichana wanazaliwa kila siku? Lakini yule mama akainua miguu yake iliyochorwa, akaitazama, akasema, "Kazi yako itaonekana Ulaya."

Neno hilo lilimwingia. Fundi cherehani huiona nguo yake ikipita njiani mwaka baada ya mwaka. Seremala hupita mbele ya mlango wake akaugusa. Yeye alikuwa amewachora mabibi harusi wa Kisauni tangu hajaota mvi, na hakuna ua lake hata moja lililopata kuumaliza mwezi.

Basi akamvika Bi Marjorie buibui lake la akiba na kumpeleka kwa kina Suad. Mahfoudha, mamake bibi harusi, alimkaribisha mgeni kwa kahawa na halua, lakini alipoiona kamera alimvuta Bi Kuluthum kando.

"Na hiki chatakani humu?"

"Ni mwanamke mwenzetu. Yuwataka picha ya mikono tu, ukumbusho wake mwenyewe."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Aliapa. Hakuna aliyemkaba koo. Na kamera ilipoinuka kutoka mikononi ikapanda mpaka usoni, aliiona vizuri sana, akanyamaza, kwa sababu mikono isiyo na mwenyewe ingempendeza nani huko Ulaya?

"Kalama," alisema sasa, macho kwenye ile kadi, "yule Barakat anayewaletea vitambaa vya meza huja lini?"

"Jumatatu. Hupita hapa hapa, akienda ofisini. Kwani vipi?"

Barakat ndiye mume wa Suad. Bi Kuluthum alinyoosha mkono akazing'oa kadi zote zenye Suad, akazisokomeza ndani ya buibui. Umri wake wote hajapata kuiba hata ndimu moja. Kalama alimtazama, akaitazama ile nafasi tupu kwenye waya, na furaha ikamtoka.

"Chukua, mama," alisema polepole, macho pembeni. "Lakini liko sanduku zima stoo. Zikipungua wanajaza."

Kesho yake alikuwa na kazi kwa Mahfoudha. Upande wa Barakat walikuwa na harusi, na Suad amekuja kwa mamake kuchorwa kabla mawifi hawajamfuata. Njia nzima kutoka kwake Bi Kuluthum aliomba Mungu akute mtu mgonjwa, mvua, chochote. Alikuta uji wa tende na mto umewekwa tayari kwa ajili ya mgongo wake.

"Karibu, mama wa mikono ya dhahabu," Mahfoudha alisema. "Nawaambia kila siku, mwanangu hakupambwa, alipambika."

Aliuweka uji kando. Mahfoudha alipotoka kwenda kuangalia jiko, chumbani wakabaki wawili. Hina ilikuwa imekolea kwenye kibakuli, inanuka ndimu. Suad alikaa mkekani, akampa mkono wa kulia na kuanza kumsimulia habari za wifi fulani. Bi Kuluthum alichora jani moja, akaiweka chini njukuti, kile kijiti chake cha kuchorea.

"Suad. Nina kitu chako."

Suad aliipokea kadi kwa ncha za vidole. Aliitazama kwa muda mrefu, na usoni mwake, kwanza, ukaja mwanga. Siku ya kupambwa bibi harusi huangalia magoti yake. Ndiye mtu pekee ukumbini asiyemwona bibi harusi.

"Ni mimi huyu?"

"Ndiwe, mwanangu."

"Kumbe nilikuwa hivi." Alitabasamu, akaigeuza, akaona maandishi. "Umeitoa wapi?"

"Hotelini. Zauzwa."

"Zauzwa? Nani anazinunua?"

"Kila mtu. Wanaume pia." Sasa kinywa kilikuwa kimefunguka, na maneno yalitoka yenyewe. "Nilimwapia mamako kuwa ni mikono tu. Nilijua siyo. Nilitaka kazi yangu ionekane, Suad, ndiyo kweli yake, sina nyingine. Nisamehe. Na Barakat kesho yuwaenda huko. Zingine nimeziiba, lakini zipo nyingi, siwezi kuziiba zote."

Suad alisimama, akaenda ukutani, akaliangua buibui lake msumarini. Bi Kuluthum alidhani anatoka, anamkimbilia mamake, naye akajiandaa kupokea matusi aliyostahili. Lakini Suad alijifunika, akavuta nguo mpaka usoni, akaibana kwa meno kama afanyavyo njiani akipishana na wanaume. Kisha akarudi mkekani, akakaa pale pale.

"Suad, ni mimi."

"Naona ni wewe," Suad alisema nyuma ya nguo. "Maliza. Mawifi waja."

Akaitoa mikono yote miwili, akaiweka mbele yake.

Bi Kuluthum aliokota njukuti, akaichovya. Uani Mahfoudha aliuliza kwa sauti wamefika wapi. Bi Kuluthum alichora jani la pili karibu na la kwanza, kisha la tatu. Hakuweza kujua kama Suad analia. Aliona kitambaa cheusi tu mahali pa mdomo, kikiingia ndani na kutoka, kikiingia na kutoka.