Gemu Mbovu ya Kamala

Gemu ya Kamala ilikuwa mbovu, na hakuna aliyelificha hilo, hata Kamala mwenyewe. Ilikuwa ya kupigana risasi, ile unayomtazama mtu wako kwa nyuma, mgongo wake na kofia yake ya chuma, ukimwongoza katika mji uliojaa roboti wakali. Ukali wenyewe ulikuwa wa kuchekesha. Roboti angekuja mbio kwa kishindo, halafu angeukumbatia ukuta na kubaki hapo akipiga miguu. Ukirudi nyuma kidogo, kamera ilizama ukutani na skrini yote ikawa giza. Mkicheza wawili na mmoja akaachwa nyuma, gemu ilimnyakua na kumtupa mbele kwa mwenzake, mara nyingine kichwa chini miguu juu.

Waliicheza kwenye kigemu cha mkononi alichokinunua Kemondo, ambako alifanya kazi ya kupima mizigo bandarini. Kioo chake kilikuwa na ufa pembeni, na pedi zake mbili ndogo zilichomoka ubavuni, kila mchezaji akashika yake. Joyness alikuwa ameipenda gemu hiyo zaidi ya alivyokuwa tayari kukiri. Bunduki yake ililia vizuri, na kila ilipoharibika walicheka mpaka machozi.

Jumamosi hiyo, kwa mara ya kwanza, walicheza sebuleni. Hilo ndilo lililomuuma Joyness. Mwaka mzima wa uchumba wao Kamala hakuwahi kuvuka baraza la nyumba ya Mzee Byabato, baba yake Joyness, pale Miembeni. Kijana anayemtaka binti wa mtu hukaa nje, hunyoosha mgongo na kujibu maswali. Leo mama yake Joyness, Alistidia, alimshika Kamala mkono mlangoni.

"Pita, mwana wange, pita ndani. Hapa ni kwenu."

Na alimaanisha, maskini. Angekuwa anasuta, Joyness angejua la kufanya.

Kosa lenyewe lilianzia mbali. Baba yake Kamala alifariki mtoto akiwa hajaanza kutembea, mama akarudi naye kwao Kanazi, na aliyemlea ni babu mzaa mama. Katika nyumba ya babu hawakula samaki aitwaye kamongo, ndio muziro wao, kiumbe ambacho ukoo haukigusi. Basi Kamala naye hakula kamongo. Mwanzoni kabisa mwa mapenzi yao Joyness alimuuliza, kama binti yeyote wa Kihaya mwenye akili anavyouliza, "Muziro wenu ni nini?" Akajibu kamongo, bila wasiwasi. Joyness akashusha pumzi, maana kwao walikuwa watu wa pongo, yule swala wa porini, na wenye muziro mmoja ni ndugu, hawaoani.

Kila Mhaya anajua ukoo hutoka kwa baba. Kamala alijua pia, lakini alijua kama jambo la watu wengine, wenye baba. Na huyo pongo naye, nani Miembeni aliwahi kupikiwa pongo hata mambo yakajulikana mezani?

Ulipofika wakati wa kupeleka posa, ilibidi watafutwe wanaume wa upande wa baba. Kamala akaenda Muleba kuwatafuta. Akampata Ildefons, mdogo wa baba yake, ambaye alilia alipomwona, akampeleka kwenye kaburi kibanjani, kati ya migomba, kisha akaita majirani waje kumtazama mtoto wa kaka yake. Usiku huo Kamala alimpigia Joyness simu. "Joy, kumbe hii pua ina mwenyewe!" alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyepata kitu asichojua kwamba alikuwa anakitafuta. Joyness alifurahi pamoja naye kwa moyo mweupe.

Siku ya posa, pale barazani, Mzee Byabato alishika kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akauliza wageni ni wa ukoo gani, ilivyo desturi. Ildefons akasimama kifua mbele, akautaja ukoo wao, na muziro wao pongo. Mkono wa mzee ulisimama hewani. Kisha akatabasamu tabasamu jingine, akampa kahawa na kumwambia, "Basi mmefika kwenu." Wazee wawili wakaanza kuhesabu mababu, wakakutana, wakakumbatiana. Kamala alibaki akitazama mkeka.

Joyness alimfuata baba yake chumbani akilia. Baba hakumfokea. "Mwanangu, siku ya mahari mimi nikae upande gani?" aliuliza. "Wa kutoa au wa kupokea? Yule ni mtoto wangu."

Sasa walikuwa wamekaa kwenye kochi, hatua ya mwisho ya gemu mbele yao, na kila walipokaribia lango, mtu wa Joyness alikufa. Alikufa kwa kuruka shimo. Alikufa kwa kusimama mbele ya roboti ambaye hata risasi alikuwa hajui kuilenga. Kila alipokufa, gemu iliwarudisha mwanzo wa mtaa, na mchana ukaendelea.

"Joy, unakufa makusudi," Kamala alisema.

"Ndiyo."

Alijibu hivyo hivyo tu, kwani angemdanganya ili iweje? Gemu ikiisha, Kamala asingekuwa na sababu ya kukaa naye bega kwa bega tena.

"Twende mpaka langoni," alisema Kamala. "Hatutaingia. Tusimame tu."

Wakaenda, na safari hii Joyness alipiga risasi sawasawa. Lango lilikuwa na duara mbili za mwanga chini, kila mtu akanyage yake ndipo lifunguke. Kamala akakanyaga yake. Joyness akasimamisha mtu wake pembeni. Gemu nzuri ingewaletea maadui kuwafukuza hapo. Hii ilikuwa imesahau, hakuna aliyekuja. Migongo miwili ikasimama kwenye skrini, na kutoka jikoni ilikuja harufu ya bitoke, ndizi za kupika, na maharage.

"Twende Mwanza," Kamala alisema kwa sauti ya chini. "Kazi ya mizani hata huko ipo. Mchungaji wa huko hatatuuliza habari za pongo. Nikubalie tu, Joy, mengine niachie."

Moyo wa Joyness uliruka. Alikuwa ameyasubiri maneno hayo wiki nzima, na alikuwa amepanga hata nguo za kuchukua. Alimpenda huyu mtu. Akageuka amjibu ndiyo, akamwona amevaa shati ambalo hakuwahi kuliona, jeupe, pana mabegani, la mtindo wa zamani.

"Hilo shati?"

"La baba." Kamala alilishika ukosi. "Baba mdogo alikuwa amelitunza miaka yote. Ameniambia Krismasi niende, ukoo wote utakuwepo, wanionyeshe na sehemu yangu ya kujenga kibanjani. Lakini nitaacha. Si kitu."

Alisema si kitu huku vidole bado viko kwenye ukosi.

Joyness aliitazama ile mikono. Mtu huyu alikuwa ameishi miaka thelathini bila ukoo, na ndio kwanza ameupata. Wakienda Mwanza, atakuwa ameoa ndugu yake. Ildefons hatamwita tena mbele ya majirani. Kamala angevumilia, na asingelalamika hata siku moja, na ndiyo maana Joyness aliogopa. Yeye mwenyewe angekuwa na baba wa kukosana naye, hata wa kusameheana naye baadaye. Kamala angerudi kuwa mtoto wa babu mzaa mama, na safari hii angejua alichopoteza.

Hasira zilimpanda, hasira za kweli, kwa pongo, kwa wazee na mababu zao, kwa Kamala aliyeshindwa kujua jina la ukoo wake mwenyewe. Hazikumsaidia kitu. Akasukuma pedi, mtu wake akakanyaga duara.

"Joy, subiri," Kamala alisema.

Lango lilifunguka. Hapakuwa na vita wala roboti mkubwa. Muziki ulikatika katikati, skrini ikawa nyeusi, na majina ya walioitengeneza gemu yakaanza kupanda. Machozi yalimshuka Kamala akayaacha, na Joyness aliuminya mkono wake kwa nguvu, kisha akauachia.

"Kamala!" mama aliita kutoka jikoni. "Mwana wange, njooni mle!"

Kamala hakuinuka. Joyness alisimama kwanza, akachukua birika la maji ya kunawa na beseni, akarudi akasimama mbele yake.

"Nawa mikono, kaka," alisema. "Chakula kinapoa."

Kamala alimtazama muda mrefu. Halafu akakunja mikono ya shati la baba yake, taratibu, mmoja kisha mwingine, na kukinga viganja vyake chini ya maji.