Mafuriko Yaliyobaki kwa Rispa

Asubuhi Rispa alichota maji ya mafuriko kwa kopo, akayamimina kwenye stovu, akawasha kiberiti na kubandika chai. Maji yaliwaka vizuri, moto wa samawati. Yaliingia nyumbani kwake, chumba cha chini mtaani Kware, siku ya mvua kubwa, yakamuua mumewe Sylvance. Kwa majirani yalikauka. Kwake yaligoma kutoka, yakabaki yanamfika vifundoni, akapandisha kitanda juu ya matofali. Majirani walioishiwa gesi walikuja kuomba kidogo.

Rispa na wenzake walikuwa wameishtaki kampuni kubwa ya mafuta. Ilijua tangu zamani kwamba moshi wa mafuta yake utaharibu hali ya hewa na kuleta mvua za kuua watu, ikanyamaza, ikaendelea kuuza. Pole hakuzitaka, alikuwa nazo tele. Alitaka kampuni isimame mbele ya watu iseme maji yale ni yake.

Wakili wa kampuni alisema mvua ni ya Mungu. Jaji akaamuru wote waende wakaione nyumba.

Wakaja, wakakunja suruali. Kwao Rispa mgeni haondoki mdomo mkavu, kwa hiyo akachota, akawasha, akawapikia chai. Shemeji yake Phares alimvuta kando, akamwonyesha wakili.

"Shem, huyu si mgeni. Huyu ndiye anatupiga vita kortini."

"Atakunywa. Nyumba ni yangu."

Wakili alikunywa vikombe viwili, macho kwenye stovu. Akaomba maji kidogo kwa chupa, akapewa.

Kesi iliporudi kortini, alisimama. "Mheshimiwa, mlalamishi anapikia mafuta ya mteja wangu. Tumeyapima, ni yetu. Hajalipia hata tone."

Rispa aliinuka kabla hajaruhusiwa. "Mheshimiwa, naomba hayo yaandikwe. Kama maji ni yao, aliyekufa ndani yake pia ni wao."

Jaji akaandika. Kisha akaahirisha kesi hadi mwaka ujao, na kumkataza Rispa kugusa mali ya kampuni.

Wiki hiyo kampuni ilimtuma fundi na kibao chenye jina la kampuni hiyo kwa herufi nyekundu: MAFUTA HAYA NI YETU. USIGUSE. Rispa alimshikia fundi stuli ndani ya maji, akamwomba akigongelee juu zaidi, kisomeke kutoka barabarani.