Mkono Mmoja Kwenye Mti wa Goli

Boniphace alitoka ziwani amembeba mtu ambaye hakutaka kuokolewa.

Mtu mwenyewe alikuwa anarusha miguu kama sangara aliyetupwa mtumbwini, anapiga kelele, "Niachie, bwana! Mimi mzima!" Watu waliojaa ufukweni Bukima walicheka, wengine wakakaa chini mchangani. Hata leo wajukuu zangu wakiikumbuka siku ile wanachekaga. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeing'ata kanga, namtazama mwanangu nywele zikimchuruzika maji, kwa mara ya kwanza tangu mdogo wake Renatus azame.

Walikuwa mtumbwi mmoja, yeye na Renatus. Alimshika mkono, ukamponyoka. Baada ya mazishi Boniphace hakugusa tena ziwa. Alikaa nchi kavu akishona nyavu za wenzake, na kuoga akaogea ndoo. Watu wakaniambia, mama, mkemee, mwanaume ataishije Bukima bila ziwa? Nikawajibu, mwacheni. Ningemsukumaje kwenye maji yaliyommeza ndugu yake?

Ndipo mwalimu Ursula akaja na mpira wa njano na mchezo wake wa kuogelea huku mnatupiana. Magoli aliyatengeneza kwa miti na nyavu chakavu, na nyavu zilipochanika akaitwa fundi. Boniphace akaingia maji ya magotini kuzishona. Siku nyingine ya kiunoni. Mwisho wakamwambia awe golikipa, kwani si yuko hapo hapo? Akakubali kwa sharti kwamba mkono mmoja hauachii mti.

Basi akawa anadaka kwa mkono mmoja, kichwa kikavu, na mabao yanaingia tu. Mimi nilikuwaga naanika dagaa huku nauangalia ule mkono. Nilitamani siku moja uachie. Nilikuwa naogopa pia usije ukaachia.

Timu yetu nzima ilikuwa na ugonjwa wake. Wote wavuvi, na mvuvi akiona kichwa kimezama anaacha kila kitu, hata wavu uliojaa, anakwenda. Sasa katika mchezo huu vichwa vinazama kila saa! Mpinzani akididimia kidogo, watu wetu wanautupa mpira, wanamdaka makwapani: "Pole kaka, umemeza maji?" Huku wenzake wanafunga.

Ursula alipiga filimbi mpaka mate yakamkauka. "Jamani, anacheza huyo! Mwacheni!"

"Na kama hachezi, mwalimu?" wakamuuliza.

Siku timu ya Musoma mjini ilipokuja, habari hizo walikuwa nazo. Jabiri, fundi cherehani mwenye masihara mengi, alikuwa amejishonea yeye na wenzake kofia za kufunga kidevuni, za kitambaa cha bluu kinachochuja rangi. Mabao yalipokuwa sawa, akajivuta kwenye kina, akainua mikono juu, akazama makusudi. Alipoibuka, mashavu na midomo vilikuwa vya bluu.

Sura ya namna ile tuliiona siku walipomleta Renatus.

Boniphace akaachia mti.

Hakuita mtu. Aliingia chini, kichwa na vyote, akaibukia kule kwenye kina. Nyuma yake mpira ukaelea taratibu mpaka ndani ya goli.

Akaja kumlaza miguuni pangu. Jabiri alikuwa bado anacheka. "Bibi, mwambie mwanao huu ni mche..." Hakumaliza. Aliiona mikono iliyomshika, jinsi ilivyokataa kulegea. Akaniinulia macho. Sijui alisoma nini usoni kwangu. Akaacha kucheka, akalala chali mchangani, ametulia, akakohoa kidogo kama mtu aliyetolewa majini kweli.

Waliokuwa wamekaa mchangani kwa kucheka wakainuka.

"Mama," Boniphace akaniuliza, "anapumua?"

Nikapiga magoti, nikaweka kiganja kifuani kwa yule fundi. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio.

"Anapumua, mwanangu. Mwachie sasa."

Kidole kimoja kimoja, akamwachia. Jabiri hakuinuka mpaka alipoachiwa kabisa.

Bao lilihesabiwa, tukafungwa. Boniphace aliigeuza mikono yake, akaona imejaa bluu. Ndoo yangu ilikuwa pale pale kando ya dagaa, ina maji. Akaipita, akashuka ziwani kunawa.