Ng'ombe Sita wa Bereko

Siku ya tisa simu ya Arusha ilikuwa bado kimya. Damiani, bwana mifugo wa Babati, alizungusha kishikio cha simu, akasikiliza, akaurudisha mkonga. Mwaka ule wa 1983 mafundi wa laini nao hawakuwa na dizeli.

Bila ofisi ya mifugo ya Arusha hakujua karantini imewekwa wapi, na bila kujua hakuruhusiwa kutoa kibali cha kuhamisha mifugo.

Mzee Romanus wa Mutuka alikuwa ameketi mbele yake tangu asubuhi.

"Ng'ombe sita tu, bwana mifugo. Mahari ya mwanangu. Wakwe wa Bereko wamesema Jumamosi, la sivyo binti ataolewa kwingine."

"Simu haifanyi kazi, mzee."

"Kama hawajasema kitu, si maana yake hakuna ugonjwa?"

Miaka miwili nyuma Damiani naye aliwaza hivyohivyo, akasaini. Homa ya mapafu ya ng'ombe ikaingia kijiji cha Nangara kwa karatasi yake. Baba mkwe wake, Aniceti, alipoteza maksai wanne, akalima msimu ule kwa jembe la mkono. Hakumlaumu hata siku moja. Mwaka uliofuata wakamzika.

Tangu hapo Damiani alinakili orodha yote ya karantini kila simu ilipopatikana, pamoja na saa na jina la aliyemsomea. Orodha ikipita siku saba, hakuitumia tena. Halidi, kondakta wa basi la Arusha, humletea nakala yenye mhuri kila Jumanne. Basi likikosekana, Damiani huwaomba masista wa misheni wamuulizie kwa redio ya upepo.

Wiki hii basi halikuja, na orodha ilikuwa na siku tisa. Saa nane mchana Sista Bernadina wa misheni akafika.

"Wamejibu. Mtu wa pale ofisini anadhani Bereko ni salama."

"Anaitwa nani?"

"Hakutaja jina."

"Ameiona orodha?"

"Amesema anadhani."

"Si umesikia?" Romanus akadakia. "Salama!"

"Anadhani, mzee. Nami niliwahi kudhani."

"Basi mwanangu abaki kapera kwa sababu ya simu ya serikali!"

Damiani akachukua kalamu na karatasi.

"Karantini inazuia ng'ombe, haizuii wakwe. Waje wao wawaone ng'ombe hapa. Ng'ombe nitawaweka katika zizi la ofisi, na nitaandika kwa mhuri kwamba hawatoki hapo ila kwenda kwa wakwe."

Mzee akaguna, lakini akatuma ujumbe Bereko.

Jumamosi wajomba wawili wa binti walifika kwa baiskeli. Waliwafungua ng'ombe midomo, wakawapapasa mbavu, wakamkataa mmoja.

"Huyu ni bibi yake nani?" mmoja akauliza.

Romanus akaleta mtamba mwingine. Wakakubaliana.

Wiki iliyofuata Halidi akaleta orodha. Bereko haikuwahi kufungwa.

"Kumbe njia ilikuwa wazi siku zote!" Romanus akasema.

"Ndiyo, mzee. Leo tunajua," Damiani akajibu, akagonga mhuri kwenye kibali.