Tundu Chini ya Mtungi

Kila asubuhi mke alitoka jikoni na kikombe cha chai, akavuka ua na kugonga ubavu wa basi kwa kijiko. Mumewe angejibu kutoka ndani, sauti nzito ya usingizi: "Kondakta, abiria bado amelala!" Kisha mlango ungefunguka.

Asubuhi hii aligonga, pakawa kimya. Akagonga tena.

"Mzee?"

Tangu astaafu udereva wa malori, mumewe hakuwa na lingine kichwani ila basi lile dogo kuukuu. Aling'oa viti vyote, akamwita mdogo wake, seremala, wakaanza kuligeuza nyumba: kitanda cha kukunja, meza ya kuvuta kutoka ukutani, makabati yenye vizuizi ili vyombo visianguke kwenye kona, jiko la gesi karibu na mlango. Wiki mbili zilizopita akahamia humo kulala, eti anakijaribu kitanda. Mwezi ukiisha wangeondoka, yeye na mkewe, waende popote barabara itakapowafikisha.

Mke hakuwahi kusema hapana. Alisema pazia ni fupi. Alisema godoro ni jembamba, na sinki utadhani la kuogeshea mwanasesere. Kila alipotaka kulisema lile lenyewe, mdomo ulikuwa mzito, akatafuta kasoro nyingine. Nao ndugu wawili wakairekebisha huku wakicheka: "Bibie huyu hapendi kitu!"

Sasa aliweka kikombe chini, akasogeza pua kwenye upenyo wa mlango. Harufu kali ilimpiga usoni. Gesi.

"Shemeji! Shemeji, njoo!"

Seremala aliacha randa juu ya ubao, akaja mbio na kuuvuta mlango. Ulikuwa umekomewa kwa ndani, kwa komeo alilolitia kwa mikono yake mwenyewe, imara kama la jela. Akainua nyundo kuelekea dirishani.

"Si nyundo, itatoa cheche! Chukua ubao!" Mke alimshika mkono. "Si fundi wa gesi alitoboa tundu sakafuni, chini ya mtungi, gesi ikivuja itoke nje?"

Seremala alimtolea macho. Maisha yake yote alikuwa akijenga nyumba za watu na kuziba kila ufa panya asipite.

"Lile tundu? Nililiziba jana, shemeji. Nilidhani yule bwana amekosea. Nikalijaza mbao na gundi, hata sisimizi..."

"Vunja!"

Kioo kilimwagika. Dirisha lilikuwa jembamba mno kwa mabega ya seremala, kwa hiyo mke alibana pumzi akajipenyeza yeye, vipande vikimkwaruza mapaja. Ndani mlikuwa na giza la mapazia. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye swichi ya taa. Akaurudisha haraka kama aliyegusa kaa la moto. Alipapasa, akalipata komeo, akalivuta. Halikutoka. Kifua kilitaka kupasuka. Akalivuta kwa mikono miwili, mlango ukafunguka, mwanga ukaingia, na seremala akaruka ndani kumbeba kaka yake huku mke akiufunga mtungi.

Walimlaza uani. Uso wake ulikuwa wa kijivu, mdomo wazi. Mke alimpiga mashavu, akamwita mzee, akamwita baba watoto, akamwita majina ambayo hakuyatumia tangu uchumba. Mwishowe mwanaume alikohoa, akajigeuza ubavu na kutapika.

"Kaka, ni mimi," seremala alilia. "Mimi ndiye niliyeziba."

"Bwana mdogo," mgonjwa alisema kwa shida, "kwa kuziba hujambo."

Seremala alicheka na kulia kwa pamoja, kisha akatoka mbio barabarani kutafuta gari la kwenda hospitali. Mume alimtazama mkewe, akaona damu kwenye kanga.

"Pole, mama. Usiogope. Tutatoboa tundu jingine, kubwa zaidi. Mwezi ukiisha tutaondoka tu."

"Lile pazia..." mke alianza, akanyamaza. Akaukamata mkono wake kwa nguvu. "Sitaki."

"Hutaki pazia?"

"Sitaki kwenda! Miaka yote ya lori nililala na simu kifuani, nangoja kuambiwa umekufia njiani. Nimechoka kuiogopa barabara, baba. Nataka ukae nyumbani na mimi."